Linux haipati mtandao: anza na dalili, usikimbilie kusakinisha upya

Mtandao ukigoma kwenye Linux, wengi hufuta mfumo na kusakinisha upya. Kazi hiyo hula saa nzima na mara nyingi hairekebishi kitu: waya uliokatika ndani utabaki umekatika, na kadi ya mtandao iliyokosa famweya (programu yake ndogo ya ndani) itaendelea kuikosa. Kinachookoa muda ni kujua hitilafu iko wapi: kwenye kompyuta yenyewe, kati ya kompyuta na ruta, au ng'ambo ya ruta.

Maelezo haya yanahusu Ubuntu, Linux Mint na Debian yenye eneo-kazi la kawaida kama GNOME. Zote huendesha mtandao kwa NetworkManager. Fedora nayo ni hivyohivyo, isipokuwa majina ya vifurushi.

Vipimo vya mwanzo

Chukua simu, zima data ya laini, iunge kwenye Wi-Fi ya ruta ileile, kisha fungua ukurasa ambao hujaufungua leo. Simu nayo ikikwama, Linux haina kosa. Bando limeisha, ruta imeganda, au mtoa huduma ana shida. Zima ruta, subiri sekunde 30, iwashe na uipe dakika tatu.

Simu ikipata, fungua terminali:

```
nmcli device
ip -br addr
ip route
ping -c 4 1.1.1.1
ping -c 4 debian.org
```

Mstari wa `ip route` unaoanza na `default via` unakupa anwani ya ruta, kwa mfano 192.168.1.1. Ipigie `ping` nayo. Ruta isipojibu, tatizo liko chumbani mwako. Ruta ikijibu lakini 1.1.1.1 (anwani ya nje, kwenye intaneti) kimya, tatizo liko kwenye ruta au mbele yake. Zote mbili zikijibu lakini debian.org haijibu, hiyo ni DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba), na marekebisho yake ni ya dakika mbili.

Waya umechomekwa, taa haziwaki

Hapa `nmcli device` husema `unavailable` na `ip -br link` huonyesha `NO-CARRIER`. Kadi ipo na draiva ipo. Ila hakuna ishara inayofika kutoka upande wa pili. Acha mipangilio kama ilivyo, kwani hakuna amri itakayounga waya uliokatika.

Wa kushukiwa kwanza ni kichwa cha waya. Ule ulimi mdogo wa plastiki ukivunjika, kichwa hulegea ndani ya tundu hata kama kwa macho kimeingia. Kisukume hadi kilie. Halafu jaribu waya mwingine unaojua ni mzima, kisha tundu jingine la swichi au ruta. Kesi nyingi huishia hapo.

Zikibaki, angalia jinsi waya ulivyobanwa. Mpangilio wa T568B, ukishika kichwa ulimi ukiwa chini na pini zikitazama juu, kutoka kushoto ni: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kosa la kila siku ni kuweka jozi ya kijani pamoja kwenye 3 na 4, badala ya 3 na 6. Ncha zote mbili zikiwa na kosa lilelile, testa ya bei rahisi itawasha taa zote nane na kukudanganya, kwa sababu hupima tu kwamba pini 1 imefika kwa pini 1. Waya wa namna hiyo hufanya kazi mita mbili tatu, ukirefuka unapoteza data.

Kasi nayo husema mengi:

```
sudo ethtool enp3s0
```

Weka jina la kadi yako mahali pa enp3s0. Muunganisho wa 100Mb/s hutumia jozi mbili tu, zile za pini 1-2 na 3-6. Wa 1000Mb/s unahitaji zote nne. Kwa hiyo ukiona `Speed: 100Mb/s` ilhali kadi na swichi zote ni za gigabiti, jozi ya buluu au ya kahawia imekatika mahali. Usilazimishe kasi kwa amri. Upande mmoja ukilazimishwa na mwingine ukibaki kujipangia, unaweza kupata muunganisho unaowaka taa lakini unatambaa.

Kuna pia suala la urefu. Waya wa shaba wa Ethernet una kikomo cha mita 100, ukijumlisha vipande vyote hadi kwenye swichi. Waya wa bei ya chini kabisa mara nyingi ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na huo hushindwa mapema zaidi, tena huvunjika ukikunjwa kwenye kona. Ukiunganisha duka na duka ndani ya jengo la biashara, nunua Cat5e ya shaba tupu na uweke swichi katikati kama umbali ni mrefu.

Sababu ya mwisho ni radi, na huku kwetu ukanda wa Ziwa Victoria hauna uhaba wa radi. Waya wa shaba unaoshuka kutoka antena ya juu ya paa huleta mshtuko hadi kwenye ruta, na wakati mwingine hadi kwenye kompyuta. Ishara zake: jana tundu lilifanya kazi, usiku palinyesha, leo kimya, tundu jingine la swichi ileile linaweza kuwa zima. Kadi ya ndani ikiwa imeungua, adapta ya USB ya Ethernet yenye chipu ya Realtek RTL8153 au ASIX AX88179 hutambuliwa na kerneli (kiini cha Linux) bila kusakinisha chochote. Ukisikia harufu ya kuungua au ukiona weusi kwenye tundu, chomoa umeme na usiwashe tena. Peleka kwa fundi wa vifaa. Kupanda paani, kugusa mlingoti wa antena au kupitisha waya wa mtandao sambamba na nyaya za umeme ni kazi ya fundi mwenye leseni, na waya wa ardhi (earth) wa mlingoti aukague yeye.

Kadi isipoonekana kabisa katika `ip -br link`, ingia BIOS uangalie kama kadi ya ndani haikuzimwa. Kompyuta za ofisini zilizotumika, kama OptiPlex na EliteDesk, wakati mwingine huja na mipangilio ya mwenyewe wa zamani.

Taa zinawaka, lakini hakuna anwani

`ip -br addr` haionyeshi anwani ya IPv4, au inaonyesha inayoanza na 169.254. Kompyuta imeomba anwani kwa DHCP (njia ambayo ruta hugawa anwani yenyewe), hakuna aliyejibu. Kwa mpangilio wa uwezekano:

Ruta imeganda, au swichi mliyochomeka haijaungwa na ruta yoyote. Fuata waya kwa macho hadi mwisho wake.

Mipangilio ya zamani ya anwani isiyobadilika imebaki. Irudishe kwenye DHCP:

```
nmcli connection show
nmcli connection modify "Wired connection 1" ipv4.method auto ipv4.addresses "" ipv4.gateway ""
nmcli connection up "Wired connection 1"
```

Kadi imeandikwa `unmanaged`. Kwenye Debian, hutokea kadi ikitajwa ndani ya `/etc/network/interfaces`. Weka alama ya # mbele ya mistari yake yote, uache ile ya `lo`, kisha uanzishe upya NetworkManager. Kwenye Ubuntu iliyoanzishwa kama seva ikaongezwa eneo-kazi baadaye, tazama `/etc/netplan`: panatakiwa `renderer: NetworkManager`, kisha `sudo netplan apply`.

Kisa cha ofisini kinachosumbua kuliko vyote ni hiki: anwani inapatikana, ila si ya mtandao wenu. Mtu ameleta ruta ndogo ili apate Wi-Fi mezani, akachomeka waya wa ofisi kwenye tundu la LAN (la mtandao wa ndani) badala ya WAN (la kupokea intaneti). Sasa ruta mbili zinagawa anwani, na kila kompyuta inachukua kwa aliyewahi kujibu. Leo watatu hawana mtandao, kesho ni wengine. Amri hii inakutajia aliyekupa anwani:

```
nmcli -f DHCP4 device show enp3s0 | grep server
```

Ikiwa si ruta yenu, mtafuteni mwenye hicho kifaa. Kubadilisha mipangilio kwenye kompyuta moja moja hakutasaidia. Na kama ni mtandao wa chuo, benki au wizara, simama hapo: huenda tundu limefungwa kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi), na anayeweza kulifungua ni ofisi ya TEHAMA pekee.

Wi-Fi haionekani kabisa

Hapa ndipo Linux yenyewe hulaumiwa kwa haki, angalau mara nyingine. Kwanza jiulize: je, kompyuta ina kadi ya Wi-Fi? Kompyuta nyingi za mezani za ofisini hazikuwekewa. Amri mbili:

```
lspci -nnk | grep -iA3 net
lsusb
```

Usipoona mstari wenye `Network controller` au `Wireless`, wala adapta kwenye `lsusb`, hakuna cha kurekebisha. Nunua.

Kadi ikiwepo, angalia kama imezimwa:

```
rfkill list
```

`Soft blocked: yes` huondolewa kwa `rfkill unblock wifi`. `Hard blocked: yes` ni swichi ya ubavuni au kitufe cha Fn, na hakuna amri inayoishinda. Ikiwa Windows iko kwenye mashine hiyohiyo, zima kipengele chake cha kuwaka haraka (Fast Startup), kwa sababu Windows huenda inalala bila kuiachia kadi. Uizime kikamilifu, kisha uwashe Linux.

Baada ya hapo ni famweya. Hii ni programu ndogo ambayo kadi hupakiwa kila inapowaka. Ikikosekana, draiva ipo lakini kadi imelala.

```
sudo dmesg | grep -i firmware
```

Ukiona `failed to load`, jina la faili linalotajwa ndilo jibu. Kwenye Debian, kadi za Intel zinahitaji `firmware-iwlwifi`, za Realtek `firmware-realtek`, za Atheros `firmware-atheros`. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, kisakinishi rasmi huja navyo. Matoleo ya zamani hayakuwa navyo, ndiyo maana flashi ya siku nyingi ya rafiki inaweza kukutesa bure.

Utapakuaje famweya bila mtandao? Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa kipengele cha kushiriki intaneti kwa USB, na Linux itaiona kama kadi ya waya, bila draiva yoyote ya ziada. Kifurushi cha famweya ni kidogo kuliko filamu moja. Ila mara tu ukiiunga, iambie kompyuta kwamba data hii ni ya kulipia, la sivyo masasisho yatalimaliza bando la siku kabla hujafika kwenye unachokitaka:

```
nmcli connection modify "Wired connection 2" connection.metered yes
sudo snap set system refresh.metered=hold
```

Amri ya pili ni ya Ubuntu.

Kadi za Broadcom ni kundi lake. Nyingi zinahitaji draiva ya `wl`: kifurushi `bcmwl-kernel-source` kwenye Ubuntu, `broadcom-sta-dkms` kwenye Debian, pamoja na vichwa vya kerneli. Draiva hujengwa kwenye mashine yako, na hapo Secure Boot (ulinzi wa kompyuta unaokataa draiva zisizo na sahihi inayoaminika) huingilia. Wakati wa kusakinisha utaombwa uweke nywila. Ukiwasha upya, skrini ya buluu itatokea kwa muda mfupi, uchague `Enroll MOK` na uandike nywila ile. Wengi huipita bila kusoma. Matokeo yake `sudo modprobe wl` hujibu `Key was rejected by service`. Endesha `sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der` kwenye Ubuntu, uwashe upya, na safari hii usiipite.

Adapta ndogo za USB nazo zina vituko vyake. `lsusb` ikionyesha `0bda:1a2b`, adapta imejifanya CD yenye draiva za Windows. Sakinisha `usb-modeswitch`, kisha:

```
sudo usb_modeswitch -KW -v 0bda -p 1a2b
```

Kama chipu ni RTL8811CU au RTL8821CU, kerneli ya 6.2 na kuendelea inayo draiva tayari. Kwenye kerneli ya zamani, ni rahisi kusasisha mfumo kuliko kujenga draiva ya mtaani ambayo itavunjika kerneli ikibadilika.

Kubadilisha kadi ya ndani ya kompyuta ya mkononi ni kazi ya skrubu, lakini tahadhari: baadhi ya HP na Lenovo za zamani hukataa kuwaka zikiona kadi isiyo kwenye orodha ya BIOS yao. Uliza kabla ya kununua.

Wi-Fi inaona mitandao, inauliza nywila tena na tena

Nywila imekosewa; hiyo ndiyo sababu ya kwanza, hata ukiapa. Herufi kubwa, nafasi mwishoni, 0 na O. Futa kumbukumbu ya zamani uanze upya:

```
nmcli connection delete "JinaLaMtandao"
nmcli --ask device wifi connect "JinaLaMtandao"
```

Ikiendelea, ruta inaweza kuwa kwenye WPA3 tupu (usalama mpya wa Wi-Fi) na kadi ni ya zamani. Weka ruta kwenye WPA2, au WPA2/WPA3 mchanganyiko. Na mtandao wa simu yako usipoonekana kabisa ilhali wa majirani unaonekana, simu inarusha kwa GHz 5 na kadi yako inajua 2.4 tu; badilisha kwenye simu. Ruta inayotumia chaneli 12 au 13 nayo hufichika kwa kadi zilizofungwa kwa kanuni za Marekani. Iweke kwenye 1, 6 au 11.

Eduroam, Wi-Fi ya pamoja ya vyuo, ambayo kwa Uganda huratibiwa na RENU (mtandao wa vyuo na utafiti), ni mlango tofauti. Haitaki nywila moja ya wote, inataka akaunti yako. Chagua WPA2 Enterprise, njia ya PEAP, ndani yake MSCHAPv2, na jina la mtumiaji liwe kamili pamoja na @ na kikoa cha chuo. Chuo chako kikiwa kwenye cat.eduroam.org, pakua kisakinishi chake cha Linux, kwani huweka cheti sahihi pia. Usichague kutokuhitaji cheti: mtu anaweza kusimamisha Wi-Fi bandia yenye jina eduroam na kuvuna nywila za wanafunzi. Ikiwa `journalctl -u wpa_supplicant -b` inataja `unsupported protocol`, seva ya chuo inatumia TLS iliyopitwa na wakati, na Ubuntu 22.04 na kuendelea huikataa. Hilo liripoti kwa TEHAMA. Kosa haliko kwako.

Imeungwa, lakini kurasa hazifunguki

`ping 1.1.1.1` inajibu, majina hayajibu: DNS.

```
nmcli connection modify "Jina" ipv4.dns "1.1.1.1 8.8.8.8" ipv4.ignore-auto-dns yes
nmcli connection up "Jina"
```

Lakini kwenye hoteli, mkahawa au kituo cha basi chenye ukurasa wa kuingilia, mpangilio huo ndio unaouzuia ukurasa usitokee. Urudishe, kisha fungua http://neverssl.com ili ukurasa ujitokeze.

Tarehe. Kompyuta ya mezani ya zamani ikiwa na betri ya CR2032 iliyokufa, kila umeme ukikatika saa hurudi miaka nyuma, na tovuti zote za HTTPS hukataliwa kwa kosa la cheti. Mfumo hujisahihisha ukipata mtandao, isipokuwa pale ambapo kuupata kwenyewe kunadai cheti, kama eduroam. Angalia kwa `timedatectl`, weka `sudo timedatectl set-timezone Africa/Kampala`, sahihisha kwa `sudo date -s`, na ubadilishe betri.

VPN iliyoacha mabaki. Facebook ilizuiwa Uganda Januari 2021, kabla ya uchaguzi, na tangu hapo watu wamezoea kuishi na VPN. Baadhi ya programu hizo hufunga njia zote VPN inapokatika, na zikifa ghafla au zikiondolewa vibaya, kufuli hubaki. Endesha `nmcli connection show`. Ukiona muunganisho usioujua, kwa mfano unaoanza na `pvpn`, ufute kwa `nmcli connection delete`. Kama kila kitu kinafunguka isipokuwa Facebook, basi kompyuta yako haina tatizo.

Njia mbili kwa pamoja. NetworkManager huupa waya kipaumbele (metriki 100) kuliko Wi-Fi (600). Ukichomeka waya wa swichi inayohudumia printa tu, kompyuta inaweza kupeleka kila kitu huko na kugonga ukuta. Iambie waya usiwe njia ya nje:

```
nmcli connection modify "Wired connection 1" ipv4.never-default yes ipv6.never-default yes
```

Inakatikakatika au inatambaa

Pima nguvu ya ishara kwa `iw dev wlp2s0 link`. Karibu na -50 dBm ni safi, -70 ni dhaifu, ikifika -80 usitegemee simu ya video. Sogeza ruta kabla ya kununua chochote. Ukuta wa matofali ya kuchoma na paa la bati huizuia ishara sana.

Ishara ikiwa nzuri na bado inakatika kila baada ya dakika chache, zima kuokoa nguvu:

```
nmcli connection modify "Jina" 802-11-wireless.powersave 2
```

Kisha kata na uunge tena. Adapta ya USB iliyochomekwa kando ya diski ya USB 3 huvurugwa kwenye GHz 2.4; ihamishe kwa waya mfupi wa kurefusha.

Baadhi ya tovuti zikifunguka na nyingine zikikwama katikati, shuku MTU (ukubwa wa juu wa pakiti ya data). `ping -M do -s 1472 1.1.1.1` ikikataa na `-s 1464` ikipita, weka `802-3-ethernet.mtu 1492` kwa waya au `802-11-wireless.mtu 1492` kwa Wi-Fi.

Modemu ya USB

Fungua 192.168.8.1 kwanza. Modemu nyingi za Huawei hujiendesha zenyewe kama ruta ndogo, na Linux huziona kama waya. Zisipokuwa hivyo, sakinisha `modemmanager` na `usb-modeswitch`, kisha `mmcli -L`. Modemu ikionekana lakini haiungi, jaribu laini kwenye simu, na APN (jina la lango la data) uiulize kwa kampuni ya laini.

Unapokwenda kwa fundi

Nyuzi za fiba usizikate, usizikunje kona kali wala kuchungulia ncha yake. Taa nyekundu ya LOS (ishara imepotea) kwenye kisanduku cha fiba inahitaji simu kwa mtoa huduma, basi. Kwa mengine yote, mpe fundi ushahidi badala ya hadithi:

```
(lspci -nnk; lsusb; rfkill list; nmcli device; ip addr; ip route; uname -r; journalctl -b -u NetworkManager) > mtandao.txt
```

Iendeshe mara tu baada ya hitilafu kutokea, kabla hujazima mashine, na uinakili kwenye flashi. Jina la Wi-Fi yako na anwani za MAC zimo ndani, kwa hiyo usilibandike faili hadharani bila kuzifuta.